Risasi ya 32: Kifuko cha plastiki kinavyombeba au kumwangusha mlengaji

Saa ya mlio imelia. Mlengaji anachomoa bastola, anamaliza shabaha mbili za kwanza, anakimbia hadi nyuma ya ukuta wa mbao, anapiga nyingine mbili, anachuchumaa, anainuka, anakimbia tena. Mkono wa kushoto unashuka kiunoni kuchukua magazini. Unakuta kifuko kitupu.

Magazini imedondoka njiani. Iko kwenye changarawe, hatua kadhaa nyuma yake.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Kituo kirefu kwenye mashindano ya aina hii huwa na risasi zisizozidi 32, kwa kawaida shabaha 16 za karatasi zinazopigwa mbili mbili. Mlengaji wa daraja la Single Stack anayetumia risasi za nguvu ndogo anaruhusiwa kuweka risasi 10 tu kwenye kila magazini. Anaanza na 10 kwenye bastola na moja iliyokwisha kuingia kwenye chemba, jumla 11. Kiunoni amebeba magazini tatu, yaani 30 nyingine. Jumla anazo 41, zinatosha na kubaki.

Ondoa magazini moja iliyodondoka. Zinabaki 31. Kituo kinataka 32.

Amepungukiwa risasi moja, na kosa si lake la kulenga. Kosa ni la kifuko.

MCHEZO WA KUKIMBIA NA KULENGA

Wengi wanaposikia kulenga shabaha wanafikiria Olimpiki, mtu amesimama wima, ametulia kama sanamu, anavuta pumzi kabla ya kufyatua. Huu ni mchezo mwingine kabisa. Hapa mlengaji anakimbia, anapenya milango ya bandia, anapiga kupitia madirisha, na saa inahesabu tangu mlio wa kwanza hadi risasi ya mwisho.

Shirikisho lake la dunia, IPSC, lilianzishwa Mei 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Kwa Marekani mchezo unasimamiwa na USPSA, chama kilichosajiliwa mwaka 1984, na huko ndiko kwenye klabu nyingi za mwisho wa wiki.

Afrika nayo imo. Mashindano ya dunia ya bastola ya mwaka 2002 yalifanyika Pietersburg, Afrika Kusini. Hapa jirani, Kenya kuna walengaji wanaoshindana chini ya IDPA, mchezo ndugu wa huu ulioanzishwa Marekani mwaka 1996, na uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ni jina linalofahamika kwao.

Alama zake zinahesabiwa kwa namna ya pekee. Risasi ikipiga katikati ya shabaha ni alama 5. Ikitoka pembeni kidogo, anayetumia risasi za nguvu ndogo anapata 3, na pembeni zaidi anapata 1. Ukikosa kabisa unakatwa 10. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde ulizotumia, na jibu hilo ndilo linalokupanga kwenye msimamo.

Sasa rudi kwa yule jamaa. Tuseme bila ajali angepata alama 150 kwa sekunde 25. Gawanya, unapata 6.00. Akiamua kumaliza na risasi zake 31, anapoteza alama 5 za risasi ambayo hakuipiga na anakatwa 10 za kukosa. Anabaki na 135 kwa sekunde 25 zilezile, sawa na 5.40. Akiamua kurudi kuiokota, kanuni hazimkatazi. Lakini kama safari hiyo itamla sekunde 3, anapata 150 kwa sekunde 28, yaani 5.36.

Huku shimo, kule shimo. Tena anayerudi nyuma ana hatari kubwa zaidi. Akijisahau mtutu ukavuka mstari wa usalama wakati anainama, refa anasimamisha kila kitu na siku yake imeisha. Anafungasha virago.

NGOZI ILIPOONDOKA, PLASTIKI IKAINGIA

Zamani vifuko vilikuwa vya ngozi. Ngozi ni nzuri kwa macho, lakini ikilowa jasho inavimba, ikikauka inakakamaa, na ikizeeka inalegea. Magazini inayobana Januari inaweza kucheza ifikapo Desemba.

Plastiki iliyobadili mambo ni Kydex, mchanganyiko wa akriliki na PVC ulioletwa sokoni na kampuni ya Rohm and Haas mwaka 1965. Awali ilikusudiwa kwa sehemu za ndani za ndege, si kwa bastola. Sifa yake ni moja: ukiipasha moto inalainika, ukiikandamiza juu ya kitu inashika umbo la kitu hicho, na ikipoa inabaki hivyohivyo.

Sifa hiyo ndiyo iliyowatia walengaji kishawishi cha kujitengenezea. Dukani Marekani, kifuko kimoja cha mashindano kwa kawaida kinafika dola 25 au zaidi. Mkanda mmoja unataka vifuko vinne au vitano, kwa sababu mwenye akili habebi magazini za kutosha tu, anaongeza ya akiba. Piga hesabu mwenyewe. Mtu ambaye bado ana risasi za kununua na kiingilio cha kulipa anaona heri ashike msumeno.

Kanuni nazo hazimfungii mlango. IPSC inataka magazini zibebwe kwenye vifuko vilivyofungwa kwenye mkanda na vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Haiulizi kama fundi ni kiwanda au ni baba fulani kwenye banda la gari lake. Inachouliza ni vipimo. Kwenye madaraja kama Production na Classic, kifaa hakitakiwi kukaa mbali na mkanda zaidi ya milimita 50. Ukitengeneza kifuko kinachoning'inia nje kuliko hapo, umejitafutia matatizo na refa.

KAZI INAANZA KWENYE OVENI

Vifaa si vya ajabu. Karatasi ya Kydex yenye unene wa milimita 1.5 au 2, msumeno wa meno madogo, drili, msasa, skrubu, na mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba upande mmoja kama kitabu. Kila ubao umebandikwa sponji nzito upande wa ndani. Hilo ndilo shinikizo la kufinyangia.

Kitu cha kwanza kabisa ni usalama. Magazini inayotumika kama kalibu lazima iwe tupu, na risasi zote ziwe nje ya chumba cha kazi. Hakuna mjadala hapo. Wengine hawatumii magazini kabisa, wanachonga kipande cha mti chenye vipimo vilevile.

Kisha inafuata siri ambayo wengi huijua baada ya kuharibu karatasi mbili tatu. Kydex husinyaa kidogo inapopoa. Ukiifinyanga juu ya magazini ilivyo, itaikumbatia hadi uhitaji mikono miwili kuichomoa. Kwa hiyo fundi anaizungushia magazini tabaka moja au mawili ya gundi ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ili kuacha nafasi ndogo. Matundu na mikato ya magazini nayo huzibwa, maana plastiki ikizama humo itageuka ndoano.

Karatasi inaingia kwenye oveni yenye joto la nyuzi 170 hivi. Dakika chache baadaye inalegea na kuning'inia kama chapati ambayo haijaiva. Hapo ni kasi. Inatolewa kwa glavu, inakunjwa juu ya magazini, inawekwa kati ya zile mbao mbili, zinafungwa na kubanwa kwa jiliwa. Halafu subira. Anayefungua kabla haijapoa vizuri anakuta kingo zimejikunjua na kazi imeharibika.

Oveni hiyo isiwe ya jikoni. Kydex ina PVC, na ikiunguzwa kupita kiasi hutoa moshi wenye tindikali unaochoma macho na koo. Wazoefu wana oveni yao ndogo ya kazi hii tu, wanaiweka bandani, milango wazi, na kipimajoto pembeni. Habari njema ni kwamba karatasi ambayo imekosewa bila kuungua haitupwi. Irudishe kwenye joto, itanyooka, anza upya.

NUSU YA MAGAZINI IWE NJE

Baada ya kupoa, fundi anachora mstari na kukata. Hapa kifuko cha mashindano kinaachana na kile cha kuvaa chini ya koti. Cha koti hufunika sehemu kubwa ya magazini. Cha mashindano huacha karibu nusu iwe nje, na upande wa mbele hukatwa chini zaidi ili kidole cha shahada kishuke kwenye uso wa magazini kabla haijachomolewa. Risasi huelekezwa mbele. Kidole kikishafika hapo, mkono tayari unajua magazini inaelekea wapi, na jicho linabaki kwenye kazi yake.

Kingo zinapigwa msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini, mpaka zisichane ngozi. Wanaoharakisha hatua hii hujuta siku ya mashindano. Kingo kali hukwangua vidole, na mlengaji aliyeumia mara moja anaanza kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Mwisho ni skrubu mbili zenye washa za mpira katikati ya kuta za kifuko. Ukikaza, mpira unabonyea na kifuko kinabana. Ukilegeza, kinaachia. Skrubu hizo mbili ndizo moyo wa kifuko chote.

KUBANA NA KUACHIA

Kila mtu anaogopa magazini kudondoka, kwa hiyo fundi mgeni hukaza. Anakaza tena. Kisha siku ya mashindano anavuta, haitoki, anavuta mara ya pili na mkanda mzima unapanda naye.

Hasara yake haionekani kama ya magazini iliyodondoka, ila ipo. Kama kung'ang'ana huko kumemla sekunde 1.5, yule wa alama 150 kwa sekunde 25 sasa ana sekunde 26.5. Jibu lake linashuka kutoka 6.00 hadi 5.66. Kwenye kituo cha alama 160, ikiwa 6.00 ndiyo ingeshinda, amepoteza alama 9, karibu sawa na risasi mbili za katikati. Na hiyo ni kwa kubadili magazini mara moja tu. Kituo kile kinataka mara tatu.

Ndiyo maana wazoefu wana majaribio yao. La kwanza: geuza kifuko juu chini na ukitikise. Magazini isitoke. La pili: ivute kwa vidole mara moja. Itoke bila ubishi. Kikifaulu moja na kufeli jingine, rudi kwenye skrubu.

Lakini hapo kuna mtego uliowanasa wengi. Watu hujaribu kwa magazini tupu. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa gramu 12 hivi, kwa hiyo risasi 10 zinaongeza gramu 120. Kifuko kinachoishika magazini tupu vizuri sebuleni kinaweza kuiachia iliyojaa mlengaji anaporuka kizingiti. Dawa yake ni kujaza risasi bandia, zile zisizo na baruti wala kiwashio, kisha kufunga mkanda na kufanya kila kitu ambacho kituo kitamtaka afanye: kukimbia, kupiga goti, kulala kifudifudi, kusimama na kugeuka ghafla. Majirani watashangaa. Waache washangae.

Jua nalo ni adui. Mkanda ukiachwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa mchana kutwa, plastiki inaweza kulegea na umbo likapotea kimyakimya. Kwa macho kifuko ni kilekile. Kwa magazini si kilekile tena. Mlengaji makini hukijaribu kila asubuhi ya mashindano, kabla hajaitwa kwenye mstari.

Mtengenezaji wa vifuko vyake mwenyewe ana faida moja ambayo haiuzwi dukani. Anajua kila skrubu imekazwa kiasi gani na kwa nini. Magazini ikigoma, hamlaumu mtu wa kiwandani. Anashika bisibisi, anageuza robo, anajaribu tena.

Na siku saa inapolia, anakimbia bila kukigusa kiuno chake kuhakikisha kama zipo. Mkono unashuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara unakuta kitu. Bastola inalia mara 31. Halafu inalia tena.