Unyayo, Kanieneo na Kidonda Kisichouma

Mguu wa binadamu, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 26. Miguu miwili kwa pamoja ina mifupa 52, yaani karibu robo ya mifupa yote 206 ya mwili. Mifupa hiyo imepangwa katika umbo la tao, nayo hushikwa kwa kano na misuli. Tao hilo huuwezesha mguu kufanya kazi mbili zinazopingana: kulegea unapoupokea uzito wa mwili, na kukakamaa unapousukuma mwili mbele.

Katika kila hatua, kisigino hutangulia kugusa ardhi. Kisha unyayo hulala chini na tao hubonyea kidogo mfano wa springi. Mwishowe kisigino huinuka, na uzito wote huhamia sehemu ya mbele, nyuma tu ya vidole. Mwanafunzi akilowesha unyayo wake na kukanyaga sakafu kavu ya saruji, kwa kawaida ataona kuwa upande wa ndani, penye tao, hauachi alama. Kwa hiyo si unyayo wote ubebao mzigo.

Hapa ndipo somo la fizikia linapohusika. Kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Tuchukulie kuwa amesimama kwa miguu miwili juu ya eneo la sentimita za mraba 200: kanieneo ya wastani ni nyutoni 3 kwa kila sentimita ya mraba. Akibakia juu ya sehemu ya mbele ya mguu mmoja, yenye sentimita za mraba 40, kanieneo hupanda hadi nyutoni 15, yaani mara 5.

Mtu mzima wa afya hadhuriwi na mzigo huo kwa sababu analindwa na maumivu. Kiatu kikimbana au kijiwe kikimchoma, hubadili mwendo hata bila kufikiri. Lakini ugonjwa wa kisukari uliokaa miaka mingi waweza kuharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguu. Hapo unyayo hufa ganzi. Misuli midogo hudhoofika, vidole hujikunja, na vichwa vya mifupa hugandamiza ngozi kutoka ndani. Sugu huota mahali hapo, nayo hufanya kazi ya kijiwe ndani ya kiatu. Mgonjwa huendelea kutembea, hajui kuwa chini ya sugu nyama inachanika. Vijidudu vikipenya hadi mfupani, huenda mguu ukalazimika kukatwa.

Jambo hili lilifahamika pia kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kuwa vidole na nyayo za wagonjwa hao ziliharibika hasa kwa majeraha ambayo hawakuyahisi. Fundisho hilo baadaye lilitumika katika kutibu miguu ya wenye kisukari.

Kwa hiyo mganga wa miguu hatoshelezwi na ujuzi wa dawa pekee. Kufunga kidonda huku mgonjwa akiendelea kukikanyaga ni kuteka maji kwa pakacha. Ni lazima apunguze kanieneo: aparure sugu, atengeneze kiatu chenye soli laini, au afunge plasta ngumu inayoufuata unyayo wote ili mzigo uenee juu ya eneo kubwa. Hujifunza pia kupima ganzi kwa uzi wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho. Asipohisi uzi, mguu wake umo hatarini. Katika miaka ya 2000, mpango uitwao Hatua kwa Hatua uliwafundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania kazi hiyo, wakijifunza wawili wawili.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Yampasa atazame nyayo zake kila siku, akitumia kioo ikibidi, akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, na asitembee peku. Macho na mikono yake sasa ndivyo vifanyavyo kazi iliyokuwa ya maumivu.