Maana ya alfa, beta na majina mengine ya programu changa

MKULIMA wa Keringet, Kuresoi Kusini, hahitaji kuelezwa kwamba kitu chaweza kutumika kabla ya kuidhinishwa. Kiazi aina ya Shangi kilikuwa kimeenea mashambani na sokoni kwa miaka kadhaa kabla ya kutambuliwa rasmi mnamo 2015.

Programu za kompyuta na simu nazo huwafikia watu zingali katika majaribio. Tofauti ni kwamba waundaji wake wana desturi ya kuzipa majina yanayoonyesha zimefika hatua gani. Asiyeyafahamu huenda akaikabidhi programu changa pesa au siri zake.

Jina la kwanza ni alfa, herufi inayoanza alfabeti ya Kigiriki. Programu ya alfa haijakamilika, na mara nyingi hujaribiwa na waundaji wenyewe. Hufuatwa na beta. Hapa sehemu kuu zimekamilika na watu wa nje hualikwa kuitumia ili kasoro zifichuke. Hatua ya tatu huandikwa RC, yaani toleo litakaloidhinishwa iwapo hakuna kasoro kubwa itakayogunduliwa.

Inaelezwa kuwa desturi hiyo ilichipuka katika kampuni ya IBM ya Marekani, iliyotumia herufi A na B kutaja majaribio ya bidhaa zake.

Nambari pia zina ujumbe. Toleo linaloanza na sifuri, kama 0.9, kwa kawaida huashiria kwamba kazi ingali inaendelea. Katika mpangilio unaofuatwa na waundaji wengi, 1.0.0-alpha hutangulia 1.0.0-beta, kisha 1.0.0-rc.1, ndipo 1.0.0 yenyewe itoke bila kiambatisho chochote.

Hata hivyo, kuna majina yasiyosema lolote kuhusu ukomavu. Windows 95 iliitwa Chicago ilipokuwa ikiundwa. Nao waundaji wa Ushahidi, mfumo wa Kenya, waliliita toleo lao la 2.0 la Novemba 2010 Luanda. Majina hayo ni ya kutambulisha tu.

Ushahidi ulizaliwa Januari 2008, wakati ghasia za baada ya uchaguzi zilipolikumba Bonde la Ufa, Molo na Kuresoi zikiwemo. Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia ni miongoni mwa walioanzisha ramani hiyo ya kupokea ripoti za ghasia kupitia simu na intaneti. Hali ilikuwa ya dharura, na haikuruhusu hatua za kawaida za majaribio. Baadaye mwaka huo mfumo uliandikwa upya, na toleo la alfa likatumiwa kufuatilia mapigano mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Majaribio yaweza pia kubadilisha kusudi la programu. M-Pesa ilianza kujaribiwa Oktoba 2005 miongoni mwa watu wachache, lengo likiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Ilibainika kuwa watu waliitumia kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007, hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yake kuu.

Tatizo huzuka jina la majaribio linapogeuzwa kinga. Gmail ilibaki na alama ya beta tangu Aprili 2004 hadi Julai 2009, ilhali mamilioni ya watu walikuwa tayari wakiitegemea. Alama inayodumu hivyo haimwonyi mtu tena.

Kwa hivyo, kabla ya kupakua programu ya kuuzia viazi au kuwekea hesabu za maziwa, tazama jina na nambari ya toleo lake. Ikiwa ni alfa, waachie wajaribu. Ikiwa ni beta, waweza kuitumia, lakini weka nakala ya kumbukumbu zako kando na uwaarifu waundaji kila uonapo kasoro. Hata RC haifai kuachiwa pekee hesabu za msimu mzima wa mavuno.