Anemoni wa Bahari Katika Tangi la Kioo

Mwaka 1828 mwanasheria mmoja wa Uskoti, aitwaye John Graham Dalyell, alimchukua mnyama mdogo mwekundu kutoka kwenye miamba ya pwani ya North Berwick, karibu na mji wa Edinburgh. Alimweka katika mtungi wa kioo wenye maji ya bahari. Dalyell alifariki mwaka 1851, lakini mnyama wake hakufa. Alikabidhiwa mtunzaji mwingine, kisha mwingine tena. Watu walimwita Bibi, kwa sababu alikuwa amezaa watoto mamia. Bibi alikufa mwaka 1887. Hesabu mwenyewe uone aliishi mtungini miaka mingapi.

Bibi alikuwa anemoni wa bahari. Mtu amwonaye anemoni kwa mara ya kwanza hudhani ni ua. Mwili wake ni kama bomba fupi, nene na laini. Chini ana mguu bapa unaoshika mwamba kwa nguvu. Juu ana mdomo uliozungukwa na minyiri, nayo yaweza kufika 192 kwa anemoni wa aina ya Bibi. Hana macho, hana mifupa, wala hana ubongo. Maji yakipwa, huikunja minyiri yake ndani, akabaki kama donge jekundu juu ya jiwe, huku amehifadhi maji kidogo tumboni ili asikauke.

Katika minyiri mna vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Kila kifuko kina uzi uliojikunja. Mnyama mdogo akigusa mnyiri, nyuzi hizo hufyatuka na kumchoma kwa sumu. Kisha minyiri humsogeza mdomoni. Mabaki ya chakula hutoka kwa njia ile ile ya mdomo, kwa kuwa anemoni hana tundu jingine.

Sasa fikiri: mnyama huyu akiwa baharini, mawimbi humletea maji mapya mchana na usiku. Akiwa ndani ya tangi la kioo nyumbani, ni nani atakayemletea? Hapana budi mtunzaji afanye kazi ya bahari.

Kwanza, maji yawe na baridi. (Katika somo hili "maji ya baridi" ni maji yenye halijoto ndogo, wala si maji ya mto au kisima.) Bahari ya Uskoti huwa na nyuzi 14 hivi za Sentigredi hata katika majira ya joto. Bahari ya pwani yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi. Wakati huo huo mwili wa anemoni hufanya kazi upesi zaidi, hivyo huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Tena mabaki ya chakula huoza haraka. Ndiyo maana watunzaji wa anemoni wa pwani za baridi huliweka tangi mbali na jua, hutia hewa majini kwa pampu ndogo, na wengine hutumia mashine ya kupoza maji. Anemoni wa pwani yetu, wale wanaokaa pamoja na samaki wadogo wenye milia, hawawezi kuvumilia baridi hiyo.

Pili, chakula kiwe kidogo. Bibi alipewa nusu ya kome mara moja kwa majuma mawili, basi. Mtunzaji mwenye huruma nyingi huweza kumwua anemoni kwa kumlisha kila siku, kwa sababu chakula kisicholiwa huyachafua maji. Chombo cha shaba nacho kisitumiwe, maana shaba ikiyeyuka majini ni sumu kali kwake.

Tatu, chumvi isizidi wala isipungue. Hapa ndipo wengi hukosea. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Basi tangi la lita 10 lina gramu 350. Siku zikipita, lita moja hugeuka mvuke na kupotea hewani. Je, mtunzaji ajaze lita hiyo kwa maji ya bahari? La. Kilichopotea ni maji tu. Chumvi yote gramu 350 imebaki. Akitia lita moja ya maji ya bahari, tangi litakuwa na gramu 385, na akiendelea hivyo chumvi itazidi mpaka anemoni ajikunje na kufa. Inafaa ajaze kwa maji safi yasiyo na chumvi. Kwa hiyo watunzaji huweka alama kwenye kioo, mahali maji yanapofikia, na kuitazama kila siku.

Unaweza kuona jambo hili bila anemoni. Koroga kijiko kimoja cha chumvi katika kikombe cha maji mpaka iyeyuke. Mimina maji kidogo katika sahani nyeusi au kifuniko cheusi, ukiweke juani. Maji yakiisha, tazama kilichobaki.