Mwana wa mwanajeshi naye afunzwe kuthubutu

Wahenga walinena kuwa kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Sidhani kuna Wakenya wanaoielewa methali hii kuliko jamaa za wanajeshi wetu. Tangu majeshi yetu yalipovuka mpaka na kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, na hasa baada ya kambi ya El Adde kushambuliwa tarehe 15 Januari, 2016, ni wengi waliokesha wakihofia habari za jamaa zao.

Si ajabu, basi, kwamba mzazi anayebaki nyumbani huwachunga wanawe kupita kiasi. Kwake yeye, hatari moja katika nyumba moja yatosha. Kijana akiomba kwenda kupanda mlima na wenzake, hukatazwa. Akitaka kugombea uongozi shuleni, huambiwa atulie asome.

Simlaumu mzazi huyo. Hata hivyo, yafaa sisi walimu tumkumbushe kwamba kijana wa miaka 15 hana budi kujaribu mambo. Wataalamu wametufahamisha kwamba sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya vitendo huendelea kukomaa hadi mtu akaribiapo miaka 25, ilhali hamu ya msisimko huwaka mapema, wakati wa kubalehe. Hamu hiyo haizimwi kwa marufuku. Ikinyimwa mlima na jukwaa, huenda ikajitafutia pombe, dawa za kulevya au kuning'inia mlangoni mwa matatu.

Kuthubutu ninakokusudia si ujuba. Mjuba hujitosa bila kupima kina. Anayethubutu kwa busara huwa na lengo lenye thamani, hujiandaa, na hujua kwamba akishindwa hasara yake itabebeka. Mfano mwema ni Tuzo ya Rais, mpango uliopo humu nchini tangu mwaka wa 1966 kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Safari za porini ni sehemu yake, lakini kijana hafungi safari kabla hajafunzwa namna ya kujitunza huko. Na je, si hivyo ndivyo mwanajeshi mwenyewe anavyoandaliwa? Hapelekwi vitani ila baada ya mafunzo marefu.

Kuna hatari nyingine ambayo walimu wengi hawaioni. Mwanajeshi huhamishwa: leo yuko Gilgil, kesho Nanyuki, mtondo Mariakani. Mwanawe akihama naye, hubadilisha shule, na aliyekwisha kuagana na marafiki mara tatu hujifunza kutoufungua moyo wake. Huketi nyuma, haulizi swali, hagombani na mtu. Nasi humsifu kwa adabu yake, kumbe anajihami! Kwa kijana kama huyo, kuinua mkono darasani ni kazi nzito kuliko kukifikia kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985.

Ningependa kuwasihi walimu wenzangu wasimngoje mwanafunzi huyo ajitokeze. Wampe nafasi katika mjadala au mchezo wa kuigiza katika muhula wake wa kwanza, hata kama ni nafasi ndogo. Akikosea, darasa lisiruhusiwe kumcheka, bali aulizwe atafanyaje mara ya pili. Nanyi wanafunzi, mgeni akifika, mkaribisheni hata mkijua kwamba huenda akaondoka kabla ya mwaka kwisha.

Kwa mzazi aliye mbali, awe baba au mama, nina ombi moja. Upigapo simu nyumbani, usiishie kumwambia mwanao awe mtiifu. Muulize ni jambo gani gumu alilojaribu wiki hiyo, nawe umsimulie jinsi ulivyofunzwa kuikabili hofu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.