Bakhita na Wito wa Kumkaribia Mungu

Mtu aliyezoea kuitwa na bwana ili apigwe, ataitikaje akiitwa na Mungu? Sijui maisha yanayolijibu swali hili kwa uzito kama ya Mtakatifu Josephine Bakhita.

Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto na wauza watumwa. Hofu ikamsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi. Bakhita ni jina alilopewa na watekaji. Katika nyumba ya jemadari mmoja wa Kituruki alichanjwa kwa wembe, kisha chumvi ikasuguliwa ndani ya chale ili makovu yasifutike. Mwaka 1883 konsuli msaidizi wa Italia alimnunua mjini Khartoum, na baada ya miaka miwili Bakhita akafika Italia, akawa yaya katika familia nyingine.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, tangu namba yake ya kwanza, inafundisha kwamba Mungu ndiye anayemsogelea mwanadamu. Utotoni, kabla hajasikia habari za Yesu, Bakhita alitazama jua, mwezi na nyota akajiuliza mwenye vitu hivyo ni nani, akatamani kumwona. Masista Wakanosa wa Venice walipomfundisha dini, akamtambua aliyekuwa akimtafuta siku zote. Tusilipite jambo hili haraka, maana mara nyingi tunawapokea wakatekumeni kana kwamba wamekuja mikono mitupu, kumbe Mungu alishafika kwao kabla yetu.

Mama wa familia ile aliyokuwa yaya wake akarudi kumchukua waende Afrika. Bakhita akakataa. Kutengana na mtoto aliyemlea kulimuuma sana, lakini aliogopa zaidi kumpoteza Mungu aliyeanza kumjua. Shauri likafika kwa Patriarki wa Venice na kwa mwanasheria wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kuwa yeye ni mtu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa. Tumezoea kuhubiriwa kwamba kumkaribia Mungu ni kunyenyekea, na ni kweli. Ila unyenyekevu wa Bakhita ulitanguliwa na neno "siendi" mbele ya wakubwa. Mungu hakumchukua kama mali inayohama kutoka bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Alitaka aitike kwa hiari yake.

Tarehe 9 Januari 1890 akapokea ubatizo, kipaimara na komunyo ya kwanza. Miaka iliyofuata watu walimwona akikibusu kisima cha ubatizo, akisema hapo ndipo alipofanywa mtoto wa Mungu. Aliweka nadhiri mwaka 1896, kisha akaishi katika mji wa Schio, Italia, miaka mingi akipika, akidarizi, akitunza sakristia na kuwafungulia mlango wageni wa konventi.

Aliwahi kusema kwamba angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa pasipo hayo yote asingekuwa Mkristo wala mtawa. Ni msamaha wa aliyeumizwa, na ni yeye tu mwenye haki ya kuutoa. Hauwapi wauzaji wa watu kisingizio chochote. Ndiyo maana tarehe 8 Februari, siku aliyofariki mwaka 1947, Kanisa linawaombea wote wanaouzwa na kusafirishwa kama bidhaa hadi leo.