Kinoo cha Sindano

Kintinku, bondeni kabla ya kupanda kwenda Manyoni, nesi mmoja mstaafu aliniwekea mkononi jiwe jeusi, laini, dogo kama kipande cha sabuni. Tangu hapo limekataa kunitoka kichwani. Ni kinoo. Alikitumia kunolea sindano za hospitali.

Enzi zake, anasimulia mama huyu, bomba la sindano lilikuwa la kioo na sindano moja ilitumika kwa miezi. Alipitisha ncha kwenye pamba. Nyuzi zikinasa, alijua imepata kutu au imejikunja. Hapo huinoa taratibu, akazibua tundu kwa waya mwembamba, kisha vyote sufuriani, dakika 20 za maji yanayotokota. Kazi ya mikono yenye heshima, naye bado anaionea fahari.

Kilichowashinda yeye na wenzake, anasema bila kujitetea, ni foleni. Mafuta ya taa yakiisha na watoto wamejaa barazani, kwenye vituo kadhaa alikopita walibadilisha sindano tu. Bomba likabaki lile lile. Waliamini inatosha. Kumbe damu kidogo hurudi ndani ya bomba.

Damu hiyo huweza kubeba virusi vya homa ya ini C. Navyo vilitambuliwa mwaka 1989, kazi hiyo ya sindano za kuchemshwa ikiwa imeshafanyika kwa miongo. Misri iliumia zaidi: sindano za kutibu kichocho, zilizoendelea hadi miaka ya 1980, ziliwaambukiza watu wengi mno. Kati ya kila kumi wanaoambukizwa, kama saba hubaki na virusi, na ini huweza kujaa makovu kwa miaka 20 bila kuuma.

Dawa zipo. Vidonge vya wiki 12 huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Lakini Rwanda, katika utafiti wa wagonjwa 300 waliopewa sofosbuvir na ledipasvir, walipona asilimia 87. Wenye aina ya virusi iitwayo 4r, asilimia 56 tu. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: sisi huku tuna aina gani? Na wale niliowachoma mimi, nani atawatafuta?

Chanjo ya homa ya ini B haikingi C, wala kipimo cha B hakiioneshi. Msomaji, kama uliwahi kuchomwa sindano za kuchemshwa, au kuongezewa damu miaka hiyo, ukifika maabara omba kipimo cha C kwa jina lake.