Kitabu na Chombo cha Kazi: Masomo kwa Vijana Waliohama Beni na Butembo

Ndugu wazazi, ndugu viongozi wa mitaa na wa jamaa zilizohama,

Swali moja linarudi kila tunapokutana nanyi: mtoto aliyeacha shule siku tulipokimbia, na sasa amekuwa kijana, aende wapi?

Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewaondoa watu wengi mashambani kwao katika eneo la Beni. Mwaka 2024 vita vya Kanyabayonga vilisukuma jamaa zingine hadi Lubero na Butembo. Kijana asiye na shule wala kazi ni rahisi kuvutwa na wenye silaha. Kwa hiyo kumsomesha ni kazi ya amani.

Kwetu shule za juu zipo. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Kinafundisha udaktari, kilimo na utunzaji wa mifugo. Beni ina Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilichofunguliwa mwaka 2007. Huko wanafunzi husoma kwa Kifaransa na Kiingereza, na kazi ya mikono na utumishi kwa jamii ni sehemu ya masomo yao.

Jambo hilo la mwisho lina maana kubwa. Mshonaji hodari asiyejua hesabu hapigi bei ya kitambaa, uzi na siku zake. Anashona sana, na bado anabaki na deni. Na mwenye diploma asiyejua kazi yoyote ya mikono anangojea ofisi isiyokuja. Kitabu na chombo cha kazi visaidiane.

Njia ziko tatu:

1. Mtoto aliyekatiza shule ya msingi aende kituo cha rattrapage. Huko masomo ya miaka 6 hufanywa kwa miaka 3, na mwishoni anaweza kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

2. Kijana anayetaka kazi mapema ajifunze ufundi: ushonaji, useremala, uashi, kuchomelea vyuma, umanamba wa magari au umeme. Kabla ya kulipa, mzazi aulize: je, cheti kinatambuliwa na Serikali? Je, kila mwanafunzi anashika vyombo mwenyewe, au anatazama tu? Je, kuna saa za hesabu na kuandika?

3. Mwenye diploma ya Serikali anaweza kuomba nafasi ya chuo kikuu.

Wengi wanakata tamaa kwa sababu karatasi zilibaki nyumbani au ziliungua. Msikate tamaa. Mtafuteni mkuu wa shule ya zamani. Pengine naye amehamia karibu. Nendeni pia katika ofisi ya Serikali inayosimamia shule. Karatasi zilizopo zipigeni picha kwa simu, na nakala iwekwe kwa ndugu anayekaa mji mwingine.

Kwenu viongozi tuna maombi mawili. Nafasi zinapopatikana, zigawanywe kati ya wageni na wenyeji waliowapokea. Msaada ukienda upande mmoja tu, wivu unaanza, na shule iliyokuja kwa amani inaleta ugomvi. Tena, msiwasahau wasichana wenye watoto wachanga. Saa za masomo ziwaruhusu kufika nyumbani kabla ya giza, na mama mmoja awatunzie watoto karibu na darasa.

Juma hili, andikeni majina ya vijana wa mtaa wenu: nani alifika darasa gani, na nani anataka kazi gani. Pelekeni orodha hiyo kwa wakuu wa shule na vituo vilivyo karibu. Mkuu wa kituo akiona vijana 20 wanaotaka useremala, ana neno la kuwaambia wafadhili wake. Akisikia tu kwamba vijana ni wengi, hana la kuanzia.